Disketi Tupu ya Treni ya Saa Kumi

Kila siku baada ya masomo nilikwenda ofisi ya parokia kuandika kwenye kompyuta. Ulikuwa mwaka 1999, vita viko kaskazini yetu, na mjini kwetu Kamina hakuna aliyetulia. Ndege ikinguruma upande wa Base, kambi ya jeshi la anga, sote tulinyamaza mpaka ipite. Mimi, Agar, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nina vidole vyepesi, basi nikajiona fundi.

Siku hiyo uani kulikuwa na watoto arobaini na mmoja waliopotezana na wazazi wao wakikimbia vita. Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo waliingia mmoja mmoja, nikawauliza majina ya wazazi na kijiji, nikaandika moja kwa moja kwenye mashine. Orodha ilitakiwa kusafiri na Mama Mwajuma, muuza vitenge, kwa treni ya saa kumi hadi Lubumbashi, kwa watu waliokuwa wakiwatafuta wazazi wa watoto kama hao. Treni nyingine ingekuja lini, hakuna aliyejua.

Kompyuta ilikuwa kongwe, diski yake inajikokota. Papa Séraphin, katibu wa parokia, alikuwa ametenga sehemu ya kumbukumbu ya mashine ifanye kazi kama diski, akaiita D.

"Iko mbio sana," alinionya, "lakini ni ya mafaili ya muda tu. Umeme ukikatika, vyote vimekwenda. Kila majina kumi, weka kwenye disketi."

Disketi ilikoroma dakika nzima, nami sina subira. Nikahifadhi yote kwenye D, nikijiambia nitanakili mwishoni. Niliandika jina la mwisho, jenereta ikakohoa, mafuta yake ya mazutu yakaisha, kioo kikawa cheusi.

"Umeweka kwenye disketi?" Papa Séraphin aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo, papa."

Akaitia disketi kwenye bahasha, akaigundisha, akanipa niipeleke stesheni. Nilijiambia huko Lubumbashi wangesema imeharibika njiani, na mimi ningesalimika. Uani, mtoto mdogo aitwaye Mputu alinishika sketi, akaniita kama dada yake mkubwa.

"Yaya, jina ya mama yangu iko ndani?"

Nilishindwa kumtazama. Nikarudi ofisini.

"Papa, nimesema uongo. Disketi iko tupu."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alitazama saa, ilikuwa saa nane na nusu. Akang'oa kalenda ya ukutani, akanipa na kalamu.

"Andika nyuma ya miezi. Anza upya."

Watoto wengine walikuwa wameshatawanyika sokoni kutafuta chakula. Nilikimbia huku na huku nikiwaita, nikiogopa kusikia honi ya treni. Saa kumi kasoro dakika tano nilimkabidhi Mama Mwajuma kurasa zote kupitia dirisha la behewa. Alizikunja katikati ya vitenge vyake.

Wiki sita baadaye jibu lilikuja. Mama yake Mputu amepatikana, na wazazi wengine wanane. Papa Séraphin alinisomea barua yote, kisha akaiweka mezani.

"Kosa la haraka yako tulilirekebisha kwa saa moja na nusu, Agar. Lakini ile 'ndiyo' yako, kama ungeipandisha treni, nani angeirekebisha?"

Niliivuta barua, nikayasoma tena majina yale tisa.