Busu la Steji

Walikutana sokoni Nakuru, mkesha wa Ramadhani, watu wakisukumana mbele ya meza ya tende. Sundus alivaa dera la kijani lililomkaa vizuri, na mwenyewe alilijua hilo.

"Boss, hizi ni tamu ama zinang'aa tu?" kijana mwenye shati jeupe alimuuliza mwuzaji, macho yake kwa Sundus.

"Ukiuliza tende, angalia tende!" Sundus akamkata.

Kijana alicheka mpaka akasahau tende zake. Jina lake Ishak. Kazi yake ilikuwa shamba la maua kule Kamere, Naivasha, kwa hivyo mapenzi yao yakawa ya simu.

"Lala salama, roho yangu. Mwaa!"

Busu hilo la simu lilimwacha Sundus na maswali mengi kuliko usingizi. Mamake alimbusu utosini kila asubuhi. Watoto wa jirani walimbusu nyanya yake mkono. Shangazi zake walibusiana mashavu mpaka poda ikahama. Yote alijua maana yake. Je, la mwanamume husema nini?

Jumapili moja Ishak alikuja Nakuru kumwona. Wakati wa kuagana pale steji, aliinama ghafla, akambusu kwenye paji la uso, akaingia kwenye gari la Naivasha bila neno.

Sundus alihisi baridi. Busu kama hilo aliliona kaka zake walipomuaga baba yao, kabla sanda haijafungwa. Kumbe anaachwa! Akazima simu, akalia kwa uchungu.

Jumatano Ishak akatokea kwenye duka la mitandio la Sundus, buti zimejaa tope la shamba.

"Babe, nimekukosea wapi? Simu haiingii!"

"Si ulishaniaga? Kwetu maiti ndiye hubusiwa kwenye paji."

"Maiti? Wallahi nililenga shavu! Nikaona jirani yenu anatuangalia, nikashtuka, mdomo ukatua huko juu."

Sundus alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. "Na ungefika shavuni, lingesema nini?"

Ishak alitazama buti zake. "Kwamba nataka kukuoa. Kusema niliogopa."

Furaha ilimjaa Sundus mpaka akakosa pa kuweka mikono.

"Mwoga wewe! Twende nyumbani saa hii. Anza na mkono wa mama, na uubusu kwa adabu."

"Na wewe je?"

"Mimi mpaka nikaha," alisema akifunga duka. "Na siku hiyo, Ishak, usilenge shavu."