Pikipiki ya Kwenda Mazoezini

Uvumi ule niliusikia sokoni, nikiwa nafunga tempe, yale maharage ya soya ya kuchachusha, kwenye majani ya mgomba. Muuza nazi wa meza ya jirani aliniinamia.

"Umesikia? Ngadino wa kitongoji cha mtoni amekufa. Jana, uwanjani. Raketi mkononi."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi! Upepo umemkalia. Anacheza mpira wa vinyoya, anashika kifua, basi."

Kwetu ndivyo tunavyosema. Kifua kikimbana mtu na akafa ghafla, upepo umemkalia. Hakuna anayeuliza zaidi, ila kila mtu anaongeza la kwake. Huyu anasema marehemu alioga maji baridi mwili ukiwa na joto. Yule anasema mtu wa umri ule hafai kurukaruka.

Mimi yalinikaa kooni yale maneno mawili: raketi mkononi. Nyumbani nina mtoto wa umri wa Ngadino, na wiki ile ile alikuwa amenunua raketi mpya.

Mtoto wangu anaitwa Sarwono. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Mkewe Ratmi anakata vitambaa, anapiga pasi, anapika, anafua. Wana binti mmoja, Kinanti, yuko darasa la pili. Mimi naishi nao, na tempe yangu naiuza sokoni na hapo mlangoni.

Sarwono akishakaa kwenye cherehani asubuhi, haondoki. Chai anapelekewa. Chakula anapelekewa. Akitaka vifungo anaita, "Kinanti!" na mtoto anakimbia. Akienda msikitini anapanda pikipiki. Akienda kununua sigara zake za karafuu anapanda pikipiki, na duka liko kona ile pale. Tumbo lilianza kugusa meza ya cherehani. Tulicheka, tukamwambia mambo yake mazuri, ameshiba.

Sasa, kila mwaka mwezi wa nane, kwenye sherehe za uhuru, vitongoji vyetu hushindana mpira wa vinyoya. Mwaka uliopita Sarwono aliruka kuufuata mpira, suruali ikampasukia nyuma, watu wote wanatazama. Fundi wa nguo! Tugiman, mwuza kuku, ambaye hucheza naye upande mmoja, hakumwacha apumue.

"Fundi, ile suruali ulishona kwa uzi au kwa mate?"

Sarwono alicheka nje, ndani iliuma. Ndiyo maana alinunua raketi. Alitaka mwezi wa nane ukifika awe mwepesi.

Nilimwambia habari za Ngadino.

"Mama, hayo maneno ya sokoni."

"Sokoni ndiko watu waliko, mwanangu. Kama ni mazoezi, basi polepole. Kidogo leo, kidogo kesho."

"Kesho nina sare za shule nzima. Keshokutwa vilevile. Muda ninao Jumapili tu. Ya wiki nzima nitayamaliza Jumapili."

Na kweli aliyamaliza. Jumapili alivaa koti la mvua, la plastiki, akafunga zipu mpaka shingoni.

"Mvua iko wapi?" nikamwuliza.

"La kutoa jasho, Mama. Mafuta yayeyuke."

Akapanda pikipiki akaenda uwanjani. Akakimbia kuzunguka uwanja na koti lake. Kisha akacheza na vijana, mchezo baada ya mchezo, mpaka jua likawa kali. Akarudi mwekundu, akalala mchana kutwa. Jumatatu hakuweza kushuka ngazi. Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Mimi nilikaa mlangoni kila mara, mkono kwenye tempe, macho barabarani.

Jumapili ya tatu alirudi mapema. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Alikaa kwenye kizingiti, hata koti hakuvua.

"Baba Kinanti, vipi?" Ratmi akauliza.

"Upepo. Umeniingia upepo. Nikwaruze mgongo tu."

Ratmi akaenda kuchukua sarafu na mafuta. Ndiyo dawa yetu ya upepo. Mgongo unakwaruzwa kwa sarafu mpaka michirizi inakuwa myekundu, mtu anabeua, analala. Mimi nilikimbilia jikoni kuchemsha chai ya tangawizi. Kwa haraka nikamwaga sukari.

Wakati ule ule Nesi Winarsih aliingia uani. Yeye ni nesi wa kituo cha afya, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja kununua tempe. Alimwona Sarwono, akaweka kikapu chini.

"Sarwono, unasikia nini?"

"Upepo tu, Nesi."

"Uko wapi huo upepo?"

Akagusa katikati ya kifua. "Hapa. Kama mtu kanikalia. Mkono huu wa kushoto mzito. Na taya linauma."

Nesi akamshika kipaji cha uso. Kilikuwa kinatoka jasho, lakini baridi.

"Upepo haupandi kwenye taya," akasema. "Huu ni moyo. Ratmi, weka chini hiyo sarafu. Mama, acha chai. Nani ana gari hapa karibu?"

"Nipeni ufunguo," Sarwono akasema. "Nitajipeleka kwa pikipiki."

"Hupandi pikipiki na hutembei. Kaa hapo hapo, usijitingishe. Kinanti, mwite Tugiman, aje na gari la kuku. Kimbia!"

Tugiman alikuja na gari lake, manyoya yamejaa nyuma. Siku ile hakutania. Walimbeba Sarwono wakamkalisha mbele. Nilibaki na Kinanti. Aliniuliza, "Bibi, Baba atakufa kama yule mtu wa raketi?" Kumbe alikuwa ananisikia siku zote nikilisema lile neno. Nilimkumbatia tu.

Hospitali walimpima moyo kwa mashine. Mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo ulikuwa umeanza kuziba. Presha ilikuwa juu, na hakuwahi kupimwa. Daktari alimwambia Ratmi kwamba kufikishwa mapema ndiko kulikomwokoa. Wangekwaruza mgongo, akalala, huenda asingeamka.

Alirudi nyumbani na dawa za kunywa kila siku. Sigara ziliishia hospitali.

Basi tukaanza kumtunza. Tulimtunza kama yai. Nilikuwa nimekwisha kuapa, hakuna mchezo tena nyumba hii. Raketi niliiweka juu ya kabati. Sarwono akiinuka, napiga kelele, "Kaa!" Akitaka maji, Kinanti analeta. Akipiga chafya, Ratmi anashtuka.

Nesi Winarsih alipokuja kumpima presha alimkuta kwenye kiti, mito huku na huku.

"He! Bwana harusi, bibi harusi yuko wapi?"

"Mama hataki nisimame," Sarwono akalalamika.

"Sitaki azikwe," nikasema. "Wewe mwenyewe umesikia ya Ngadino. Mchezo umemwua."

Nesi alivuta kigoda akakaa karibu yangu.

"Mama, ya Ngadino mimi siyajui, na hata ningeyajua si yangu kuyasema. Nakwambia ya huyu wetu. Huyu hakuumizwa na kucheza. Alikaa siku sita bila kutikisika, anavuta sigara, presha iko juu wala hajui. Siku ya saba anavaa plastiki anakimbizana na vijana juani. Hata pikipiki iliyolala siku sita usingeiwasha na kuikimbiza hivyo."

"Na lile koti?" Ratmi akauliza. "Si linayeyusha mafuta?"

"Linatoa maji mwilini, basi. Ukinywa maji yanarudi. Mwili unapata joto bila njia ya kupoa, na moyo ndio unaohangaika."

"Basi akae," nikasema.

"Akikaa tu, Mama, mshipa wa pili utaziba. Daktari amesema nini, Sarwono?"

"Nitembee. Nianze kidogo, kila siku." Akapumua. "Lakini Nesi, tuseme ukweli. Muda sina. Shule zinafunguliwa, sare zimejaa mpaka kitandani. Kutembea nitatembea saa ngapi?"

"Uwanja wa mpira uko wapi?"

Kinanti alinyosha kidole dirishani. "Si ule pale! Lile paa la kijani."

"Na Jumapili ulikuwa unakwendaje?"

Sarwono alitazama sakafu. "Kwa pikipiki."

"Kwenda mazoezini."

"Ndiyo."

"Kwa pikipiki."

Ratmi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hospitali sikuwa nimemsikia akicheka. Kinanti akacheka kwa kuwa mama yake anacheka. Mwisho Sarwono mwenyewe akaficha uso.

"Sasa sikuombi muda," Nesi akasema. "Nakuomba ufunguo. Msikitini unakwenda kila siku, nenda kwa miguu. Kinanti anakwenda shule kila siku, mpeleke kwa miguu. Chai yako ifuate mwenyewe jikoni. Ukimaliza shati moja, simama, nyosha mgongo, ndipo ushike la pili. Muda unao, ila umeupandisha kwenye pikipiki."

"Nitajuaje kama nimezidisha?" Sarwono akauliza.

"Tembea ukiongea na Kinanti. Ukiweza kuongea, ni sawa. Ukikatika maneno, punguza mwendo. Kifua kikibana, simama, kaa, ita watu. Usingoje wala usikwaruze."

Kisha Ratmi akasema, "Na mimi, Nesi? Kila Ijumaa wanawake wananyosha viungo pale ofisi ya kitongoji. Hawajaniona hata siku moja. Nafagia, napika, namwandaa mtoto, tayari ni saa ya kazi."

Nesi alimtazama Sarwono. Mimi pia nilimtazama.

"Uani nitafagia mimi," Sarwono akasema. "Kufagia nako si mazoezi?"

"Ndiyo hayo hayo," Nesi akasema.

Ufunguo wa pikipiki ulitundikwa kwenye msumari juu ya cherehani. Kinanti akawa mlinzi wake. Ukiugusa anakuuliza, "Unakwenda wapi? Mbali?" Kama si mbali, hakupi.

Siku za kwanza nilikuwa nawafuata kwa nyuma wakienda shule. Najifanya nakwenda kununua chumvi. Nilisikiliza kama Sarwono anaongea. Akinyamaza, naongeza mwendo. Siku moja aligeuka akasema, "Mama, hiyo chumvi ya kila siku tunaila wapi? Na Nesi amesema tupunguze!" Nikarudi nyumbani.

Watu walicheka. Mwanamume kushika fagio la chelewa uani asubuhi, utawaambia nini? Na Tugiman alirudia utani wake. Alimpita Sarwono barabarani akasimamisha pikipiki.

"Fundi, pikipiki imekufa?"

"Nzima."

"Mafuta yamekwisha?"

"Yamejaa."

"Basi umefukuzwa nyumbani!"

"Shuka, Tugiman. Tembea na mimi mpaka msikitini. Ukifika bado unaongea, nitakushonea suruali bure. Ukikatika, utanipa kuku."

Tugiman hapendi kushindwa, akashuka. Kwenye daraja dogo alikuwa amenyamaza kimya, anashika kiuno. Jioni alileta kuku. Wiki iliyofuata akaenda kupimwa presha. Nayo ilikuwa juu.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mvua ilinyesha, akakaa ndani, akanuna. Shule zilipokaribia kufunguliwa tena alishona mpaka akasahau kusimama, ikabidi Kinanti amgonge mgongoni kwa rula kila shati linapokwisha. Lakini tumbo liliondoka mezani. Presha ikashuka. Ratmi siku za Ijumaa anarudi kutoka kunyosha viungo, amelowa jasho, anaimba.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, Sarwono alimwuliza daktari kama anaweza kucheza. Daktari alimpima tena, akamruhusu acheze mchezo mmoja, wa watu wawiliwawili, na aache akisikia chochote. Nilipanda juu ya kiti nikatoa raketi juu ya kabati. Nilifuta vumbi mwenyewe.

Walikwenda uwanjani kwa miguu. Mimi sikwenda. Nilikaa mlangoni na tempe yangu, nikisikia kelele za watu kutoka kwenye lile paa la kijani. Kelele zilipanda, zikashuka, zikanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonitisha.

Kisha nikawaona wanakuja barabarani. Sarwono, Ratmi, Kinanti, na Tugiman anachechemea nyuma. Walikuwa wameshindwa vibaya. Tugiman analaumu upepo, Sarwono analaumu Tugiman, Kinanti anawahesabia makosa wote wawili. Suruali ilikuwa nzima.

Mtoto wangu alikuja njia nzima bila kufunga mdomo, raketi mkononi.

Wewe unayesoma, kama una mtu nyumbani anayesema hana muda, mwonyeshe haya ya kuepuka:

Usikae wiki nzima kisha ukafanya mazoezi yote siku moja.

Usianze kwa nguvu kama uliacha zamani. Anza kidogo, ongeza kidogo.

Usivae plastiki wala koti la mvua ili utoe jasho.

Usikimbie juani bila kunywa maji.

Usipande pikipiki kwenda mahali unapopaona kutoka mlangoni kwako.

Usikae kwenye kazi bila kusimama, hata kama kazi ni nyingi.

Usimwachie mtu mmoja kazi zote za nyumba, maana naye ana mwili.

Usivute sigara, hata zile za karafuu.

Usingoje kuugua ndipo upimwe presha. Na ukipewa dawa, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri.

Usimfungie mgonjwa kwenye kiti kwa sababu ya hofu yako. Mwulize daktari.

Kifua kikibana, mkono ukiwa mzito, taya likiuma, jasho la baridi likitoka, usiseme ni upepo. Usikwaruze mgongo. Usijiendeshe mwenyewe. Ita gari, hata kama lina manyoya ya kuku.