Swali la Kumi na Nne

Msichana huyo alipiga mswaki huku akivaa soksi. Alikunywa chai akiwa amesimama, na alimfunga mdogo wake vifungo vya shati huku akisaka daftari kwa mguu chini ya kitanda. Ndiyo maana mama yake, fundi cherehani, alimwita Chapuchapu. Jina hilo lilimfuata hadi shuleni, likang'ang'ania, mpaka hata walimu wakawa hawakumbuki jina lake lingine.

“Wewe mtoto,” mama alisema asubuhi hiyo, akiwa amebana pini mdomoni, “ungekuwa cherehani yangu ningekuuza zamani. Unakimbia wewe, uzi unabaki nyuma!”

“Mama, mimi leo nasoma vipimo. Mwalimu ananisubiri.”

“Haya, nenda. Lakini mdogo wako mshike mkono mkivuka kijito. Mvua ya jana haikuwa ya mchezo.”

Kweli haikuwa ya mchezo. Ilikuwa imepiga mabati tangu jioni hadi karibu na alfajiri. Walipofika kijitoni, maji yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo, lakini bado yalipita chini ya kivuko, ndani ya mabomba yake. Kivuko chenyewe kilikuwa bamba la zege lisilo na kingo, lililolazwa juu ya kijito, na watoto wengi wa shule walipita hapo. Chapuchapu alimburuta mdogo wake hadi ng'ambo, wakapanda mlima mbio.

Chapuchapu alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na wiki hiyo alikuwa amevimba kichwa. Sababu ilikuwa vishikwambi. Shule ilikuwa imepata vishikwambi ishirini, na mwalimu wa sayansi aliweka humo maswali ishirini kuhusu vifaa vya kupimia hali ya hewa. Ukibonyeza jibu sahihi, linawaka kijani. Ukikosea, linawaka jekundu, kisha lile sahihi linajitokeza. Ukimaliza unaweza kurudia upendavyo, na mwalimu huona alama zako za juu tu.

Chapuchapu aligundua mapema kwamba maswali hayakubadilika mpangilio. Mara ya kwanza alipata saba. Mara ya pili alipata kumi na nne. Mara ya tatu hakuwa na haja ya kusoma tena. Alishika herufi za majibu kama wimbo, “a, de, de, be, che, a,” na kidole kilicheza juu ya kioo kama kuku anayedonoa mtama.

Jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Taratibu kwa sababu hata kufunga mkoba kulimchukua dakika nzima, alimtazama akashangaa.

“Chapu! Hata swali hujalisoma!”

“Nilisome la nini, na jibu ninalo?”

Taratibu alipata kumi na tano. Chapuchapu alipata ishirini kwa ishirini, siku tatu mfululizo za wiki iliyotangulia. Mwalimu alifurahi mno, akamtangaza mbele ya darasa kuwa msomaji wa vipimo wa wiki.

Kazi hiyo haikuwa ya kujionyesha. Nyuma ya madarasa palikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa waya. Ndani yake kulikuwa na kisanduku cheupe chenye kipimajoto, mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi, na kipimamvua, yaani kopo refu lililofukiwa nusu ardhini, lenye faneli juu na chupa ndani yake. Kila saa tatu asubuhi msomaji alipima mvua, akaandika, na mwalimu akaituma namba hiyo kwa simu kwa msimamizi wa barabara. Mzee huyo, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Barabara, alikuwa na vivuko vingi vya kuangalia na hakuweza kuwa kila mahali. Mvua ya mlimani ilichukua saa kadhaa kujikusanya mabondeni kabla ya kushuka kijitoni. Kwa hiyo namba ya shule ikizidi milimita thelathini, alifunga kivuko kwa mnyororo kabla maji hayajafika. Isipozidi, aliendelea na shughuli zake.

Siku tatu za kwanza za wiki zilikuwa kavu. Chapuchapu aliandika sifuri, sifuri, sifuri. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kukuta maji.

Alifungua kopo, akaivuta ile chupa. Ilikuwa imejaa hadi mdomoni, ikammwagikia viatu. Alichukua kigilasi cha kupimia, kile chenye mistari hadi kumi, akamimina. Maji yakafika kwenye tisa, na chupa bado ilikuwa nzito. Akasita. Sasa haya yaliyobaki? Alijaribu kukumbuka siku mwalimu alipowaonyesha, lakini siku hiyo yeye alikuwa akishindana na wenzake kurusha kofia. Kengele ikalia. Alitazama kigilasi, akatazama chupa, akatazama madarasa. Kwenda kuuliza? Mtu wa ishirini kwa ishirini akaulize?

Akaimwaga chupa yote majanini. Akaandika: milimita 9.

“Tisa tu?” mwalimu aliuliza, akichungulia daftari huku akitafuta simu yake. “Na kelele zote zile za mabati?”

“Ndiyo, mwalimu. Tisa.”

“Haya, ahsante. Vipimo havidanganyi.” Akatuma.

Tangu hapo Chapuchapu hakutulia. Kipindi cha hesabu aling'ata penseli mpaka rangi ikamganda kwenye meno. Miguu ilimtikisika chini ya dawati, Taratibu akamkanyaga mara mbili amwambie aache. Wakati wa mapumziko alienda hadi kwenye uzio, akarudi, akaenda tena. Mpishi wa shule, aliyekuwa akisugua sufuria, alimcheka.

“Wewe leo una siafu ndani ya nguo? Njoo unisaidie maji, basi. Au nenda kachote bondeni, nasikia kunanguruma huko.”

“Kunanguruma nini, mama?”

“Maji, mwanangu. Mvua ile yote ulidhani imekwenda wapi?”

Chapuchapu alirudi tena kwenye uzio, akatega sikio upande wa bondeni.

Baada ya mapumziko mwalimu wa sayansi aligawa vishikwambi. Ilikuwa saa tano na nusu. Alisema wangerudia maswali yale yale mara ya mwisho kabla ya kuanza mada mpya. Chapuchapu alishusha pumzi. Hapa angalau palikuwa kwake. Kidole kikaanza safari yake. A, de, de, be. Kijani, kijani, kijani, kijani. La kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili, la kumi na tatu. Akabonyeza de kwenye la kumi na nne, likawaka kijani kama siku zote, na alikuwa karibu kupita. Lakini siku hiyo macho yake hayakuwa na utulivu, yalikuwa yakirukaruka kila mahali, na yakaangukia maneno yaliyokuwa juu ya jibu.

*Maji ya kipimamvua yakizidi ujazo wa kigilasi, msomaji afanye nini?*

Na jibu lake mwenyewe, limekolea kijani: *Ajaze na kumwaga kigilasi mpaka maji yote yaishe, ikiwa ni pamoja na yaliyofurikia ndani ya kopo, kisha ajumlishe.*

Alilisoma mara moja. Akalisoma tena, polepole, kama anayejifunza kusoma. Swali hilo alikuwa amelipata siku tatu. Asubuhi ya leo lilisimama mbele yake likiwa maji matupu, na akalikosa.

“Taratibu,” alinong'ona. “Ile chupa ikijaa... hivi inaweza kumwagikia ndani ya kopo?”

“Si ndiyo kazi ya kopo? Linashika yaliyozidi.” Taratibu akageuka akamwangalia. “Kwa nini? Leo ilikuwa imejaa?”

Chapuchapu alitazama saa ya ukutani. Darasa la kwanza na la pili hutoka saa sita kamili. Mdogo wake angeshuka mlima na wenzake, akiruka madimbwi, kwa sababu kila siku dada yake alimwambia akimbie asichelewe.

Angeweza kunyamaza. Pengine maji yasingekuwa mengi. Na akisema, kila mtu angejua habari ya ule wimbo wa herufi. Ishirini zake zote zingeyeyuka mbele ya darasa zima. Alikaa nusu kwenye benchi, nusu nje ya benchi. Kisha akapiga moyo konde, akasimama kwa kishindo hata kishikwambi kikaanguka.

“Mwalimu, ile tisa si kweli!”

Mwalimu aliinua kichwa.

“Nilijaza kigilasi mara moja tu, yaliyobaki nikamwaga. Chupa ilikuwa imejaa pomoni. Sikujua. Mimi hayo maswali huwa siyasomi, mwalimu. Nimekariri herufi. Na mdogo wangu anatoka sasa hivi!”

Mwalimu hakumgombeza. Huenda hakuwa na muda. “Wewe na Taratibu, nifuateni,” alisema, na wote watatu wakatoka mbio. Njiani aliita dirishani mwa ofisi ya mwalimu mkuu: “Tafadhali, wadogo wasitoke! Asitoke mtoto hata mmoja!”

Uwanjani Taratibu alipiga magoti, akainua faneli. Chapuchapu alidhani yote yamepotea, maana maji ya chupa yalikwishanyonywa na ardhi. Lakini chini ya kopo kulikuwa na maji, yametulia, yanang'aa. Ndiyo yaliyofurika.

“Mimina wewe,” mwalimu alimwambia Chapuchapu. “Polepole. Shusha jicho liwe sawa na maji.”

Kigilasi cha kwanza: kumi. Cha pili: nane. Kopo likakauka.

“Kumi na nane kwenye kopo. Na chupa ikijaa inabeba ngapi?”

Chapuchapu aliitazama ile chupa. “Sijui, mwalimu.”

“Ishirini na tano,” alisema Taratibu.

“Haya, jumlisheni.”

“Arobaini na tatu,” Chapuchapu alisema.

Mwalimu tayari alikuwa na simu sikioni. Bwana Barabara hakuwa mbali. Alifika kwa pikipiki akiwa na minyororo miwili begani, akateremka moja kwa moja hadi kivukoni. Kutoka langoni mwa shule, Chapuchapu alimwona akifunga mnyororo upande huu, kisha akavuka haraka kufunga mwingine upande wa pili. Mwalimu mkuu alikuwa amewafungia watoto wadogo darasani na kuwaimbisha. Mdogo wake, kama kawaida, aliimba kwa kupiga kelele kuliko wote.

Saa sita na robo maji yakaja. Hayakuja kwa kishindo kama alivyotazamia. Yalipanda tu juu ya bamba la zege, membamba kwanza kama shuka, kisha yakanenepa, yakabeba gogo zima la mti na kulipitisha juu ya kivuko kana kwamba ni ubua. Baada ya muda kivuko hakikuonekana tena. Chapuchapu alishika waya wa uzio. Kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake haikutikisika.

Wadogo walipelekwa nyumbani kwa barabara ya juu, walimu wakiwasindikiza. Chapuchapu naye alirudishwa darasani, na hapo alijiandaa kuaibishwa.

Mwalimu alikaa juu ya meza yake. “Mwenzenu amekosa mambo mawili,” alisema. “Amekariri badala ya kuelewa, na alipokwama hakuuliza. Angekuja kwangu saa tatu na kigilasi chake, angenigharimu dakika moja. Lakini amefanya na jambo moja gumu: amejisema mwenyewe kabla ya kukamatwa. Hilo nimeliona.” Akakohoa kidogo. “Na mimi nimekosa. Niliona ishirini nikafurahi, sikumwomba hata siku moja anionyeshe kwa mikono. Maswali yale niliyaweka nijue nani hajaelewa nimsaidie. Ukinificha usichokijua, nitakusaidiaje?”

Kesho yake maswali yalikuwa mengine. Safari hii mpangilio ulibadilika kwa kila mtu, na ndani yake kulikuwa na picha za vigilasi vyenye maji, mwanafunzi asome mwenyewe. Chapuchapu alipata kumi na moja. Wengine walicheka. Mwalimu alimwita mezani, wakapitia yale tisa aliyokosa, moja baada ya jingine. Jioni alimpa mama yake habari yote, na mama aliacha kukanyaga cherehani akasikiliza hadi mwisho.

Juma lililofuata Bwana Barabara alipita shuleni na kuwakuta wale wasichana wawili uwanjani, mmoja ameshika daftari, mwingine kigilasi.

“Shikamoo, babu,” walisema.

“Marahaba. Nani kati yenu ni yule wa arobaini na tatu?”

Chapuchapu aliinama. “Ni mimi. Na wa tisa pia ni mimi.”

Mzee alichuchumaa, magoti yakalia. “Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi alama zenu za darasani sizioni. Naona namba moja tu kwenye simu, na kwa namba hiyo nafunga njia au naiacha wazi. Ukiniambia hujui, nitatafuta mtu mwingine wa kuniambia. Ukiniambia unajua na hujui, umenifumba macho na watu wanapita. Basi usione haya kusema ‘sijui’. Mimi nina miaka thelathini katika kazi hii na bado naisema.”

Chapuchapu alilitazama lile kopo.

“Basi, babu,” alisema, “kuna kitu sijui. Kwa nini limefukiwa nusu ardhini? Si lingekaa tu juu ya meza?”

Bwana Barabara alicheka, akavua kofia, akakaa vizuri kwenye nyasi. “Naam,” alisema. “Tuanze na upepo.”