Mkono Mmoja Chini ya Turubai

Jumanne, saa kumi jioni.

Munene alifunga mlango wa nyuma wa bucha yake pale Ruring'u, akasogeza mbavu za mbuzi zilizoning'inia, akachora lori kwa chaki juu ya meza ya kukatia nyama.

"Hili linabeba kahawa kutoka kiwandani hadi kinuni. Kesho asubuhi. Dedan ni utingo wake. Atawalaza nyinyi wawili katikati ya magunia, halafu afunge turubai. Lori ikifika mlima, inatambaa. Mnapasua turubai, mnatupa magunia. Mimi na Shiro tuko nyuma na pikapu. Ikijaa, mnaruka. Swali?"

Wale wawili walikuwa Mburu na Wamae. Mburu alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Wamae alikuwa na vidole viwili tu mkono wa kushoto. Mashine ya kukatia ng'ombe nyasi ilichukua vile vingine. Tena alikuwa kwenye kifungo cha nje. Hakimu alimwambia wazi: kosa moja zaidi, miaka saba. Kazi hii alikuwa ameikataa mara mbili. Munene hakubishana. Alimtajia tu shule anayosoma binti yake, Murugi, na rangi ya sweta yake.

"Huko ndani nafasi iko?" Wamae aliuliza.

"Ya kutosha. Nionyesheni visu."

Mburu alitoa chake, cha kukunja, akakung'uta kiwiko cha mkono. Tak! Bapa likatoka.

"Hivyo ndivyo mwanaume anafungua. Msee akisikia hiyo tak, anakupatia simu kabla hujaitisha."

"Umelegeza skrubu mpaka kinacheza kama jino la mtoto," Wamae alisema.

Chake kilikuwa na tundu kwenye bapa. Alitia kidole gumba tunduni, akasukuma. Bapa lilizunguka polepole, likajifunga mahali pake bila sauti.

"Ati hiyo ni kufungua ama ni kubembeleza?" Mburu alicheka.

Munene alitoa cha kwake, akabonyeza kitufe. Springi ikarusha bapa nje. "Nyinyi mnateseka bure."

"Springi ikishika uchafu, boss, utabonyeza mpaka Yesu arudi," Mburu alisema.

Shiro, dereva wa pikapu, alikuwa ameegemea friji. "Mimi natumia mikono mbili, kama mtu amelelewa na mama yake." Kisha macho yake yakaangukia mkono wa Wamae. "Aki pole, Wamae."

"Hakuna shida. Wewe uko na uchaguzi."

Munene hakucheka. Alitazama kiwiko cha mkono wa Mburu, akatazama kidole gumba cha Wamae, kama mnunuzi anayekagua meno ya ng'ombe. Kisha akanyoosha kiganja.

"Leteni. Nitavinoa."

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya kiwanda. Munene aliwarudishia visu vyao kando ya ua, akawapigapiga mabegani. Dedan, utingo, hakuwatazama usoni. Aliwaonyesha mtaro kati ya magunia, wakalala humo kwa ubavu, mgongo wa mmoja kwenye kifua cha mwingine. Turubai likashuka. Walisikia kamba ikivutwa, fundo baada ya fundo, hadi mwanga ukaisha.

Nafasi haikutosha. Wamae alilalia mkono wake mbaya. Turubai lilimgusa shavu.

"Hii ni jeneza," Mburu alinong'ona nyuma yake.

"Nyamaza."

Lori lilinguruma, likatoka. Kwenye kona ya kwanza magunia yalisogea. Mburu akaguna kwa uchungu.

"Mkono yangu! Imebanwa hadi kwenye bega."

"Subiri mlima."

Saa moja na robo.

Injini ilibadilisha sauti. Gia ilishuka, ikashuka tena. Lori likaanza kutambaa.

"Sasa," Wamae alisema.

Alitoa kisu mfukoni, akatia gumba tunduni, akasukuma. Bapa halikusogea. Akasukuma tena, hadi ukucha ukauma. Kisu alichokifungua miaka yote kwa kidole kimoja kilikuwa kimegeuka kipande cha chuma. Akapapasa skrubu. Ilikuwa imekazwa hadi ikazama.

"Fungua chako," alisema.

Nyuma yake alisikia mkwaruzo mdogo, mwingine, kisha pumzi ya hasira.

"Siwezi kukung'uta. Gunia iko hapa. Hakuna pa kukung'utia, Wamae."

Injini ililalamika chini yao.

"Mburu. Munene alikaza skrubu yangu."

Mkwaruzo wa kisu cha Mburu ulikoma.

"Nilimwona," alisema. "Alikuwa na bisibisi. Akanikonyezea jicho. Alisema karao pale kituoni wanataka washike mtu mmoja ndio faili yake, yeye Munene, ipotee. Nikadhani... Nilidhani mimi ni wa kuruka, wewe wa kushikwa."

"Na yako hakuigusa."

"Hapana."

"Hakuwa na haja. Alijua kiwiko chako hakitapata nafasi huku ndani."

Mburu alianza kupumua kama mtu anayezama. Wamae alimwacha apumue. Angeweza kumtukana, lakini tusi halipasui turubai.

"Nipe chako," alisema.

"Ati nini?"

"Kimelegea. Mimi mkono wangu mzuri uko huru. Sukuma kwa vidole."

"Nikupe kisu? Baada ya kukuambia hivyo?"

"Mlima unaisha, Mburu."

Kitu baridi kilimgusa mgongoni, kikateleza hadi kwenye nyonga. Wamae alikivuta mbele. Hakikuwa na tundu, wala kitufe. Aliegemeza mgongo wa bapa kwenye mshono wa suruali yake, akasukuma mpini chini pajani, taratibu. Mshono ulishika. Bapa likatoka bila mlio.

"Umefungua?" Mburu aliuliza gizani. "Wamae? Umefungua?"

Wamae alikishika kisu wazi. Shingo ya Mburu, nyuma ya bega lake, ilikuwa karibu kiasi kwamba alihisi joto lake. Alikaa hivyo muda ambao baadaye hakuweza kuupima.

"Nimefungua," alisema, akachoma turubai juu ya uso wake.

Mwanga wa kijivu ukaingia, na ubaridi. Aliinua kichwa. Nyuma hapakuwa na pikapu. Ilikuwepo Land Cruiser moja ya polisi, imezima taa, ikifuata taratibu kwa mbali.

"Pikapu iko?" Mburu aliuliza.

"Haiko. Ametuuza wote."

Upande wa kushoto kulikuwa na shamba la majani chai, karibu, na lori bado lilitambaa. Kuruka kungemchukua pumzi moja. Mburu alimshika shati kwa vidole vilivyobaki huru.

"Usiniache, ndugu yangu. Tafadhali."

Wamae alitazama majani chai. Kisha akageuka, akapasua gunia lililombana Mburu, kutoka juu hadi chini. Kahawa ikamwagika kati yao kama maji ya mfereji. Gunia likalegea. Mburu akachomoa mkono, akapanda juu ya Wamae, goti kifuani, buti begani, akatoka mwanyani na kuruka. Hakutazama nyuma. Ukungu ukammeza.

Wamae alipojiinua, lori lilikuwa limevuka kilele. Injini ikapata nguvu. Barabara ikaanza kukimbia chini yake, na nyuma Land Cruiser ikawasha taa.

Saa mbili kasoro robo.

Geti la kinu lilifungwa. Kamba zilifunguliwa fundo moja moja, na Dedan akafunua turubai akiangalia kando. Mwanamume aliyevaa jaketi la ngozi alimshusha Wamae kwa kola, akamfunga pingu, akachungulia mtaro uliojaa kahawa.

"Mwenzako ako wapi?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Nani alikutuma?"

Wamae alifungua mdomo. Akaiona akilini sweta ya Murugi. Akafunga mdomo.

Simu ya yule mwanamume ililia. Aliitazama, akapiga hatua mbili kando, lakini hakujisumbua kushusha sauti.

"Ndio, Munene. Tuko na mmoja." Akasikiliza. "Hapana, hiyo si shida yangu. Uliniahidi wawili, na mkubwa ameshaandika wawili." Akasikiliza tena, kwa subira, akimtazama Wamae. "Usinililie. Funga bucha, uje. Wewe ndio wa pili."