Milango ya Siku Moja

Kengele ya saa nne ilipolia, wasichana wa darasa la saba hawakukimbilia uwanjani kama wenzao. Walitazamana kwanza.

"Leo nani mlango?" mmoja aliuliza kila siku, na mwenye zamu akavua sweta lake.

Vyoo vya wasichana vilikuwa sita. Vilikuwa na kuta za matofali, paa la bati na sakafu ya saruji. Kasoro yake ilikuwa moja tu: havikuwa na milango. Kwa hiyo wasichana walikwenda wawili wawili. Mmoja aliingia, mwenzake akasimama kizingitini amempa mgongo, amelitanua sweta kwa mikono miwili. Huyo ndiye mlango. Wavulana walipanda juu ya ukuta wa mkabala wakapiga miluzi.

"Mlango una miguu!" walipiga kelele. "Mlango, sogea kidogo tuone sinema!"

Kiranja wa wasichana hao, binti mwembamba ambaye wote walimwita Msumari kwa kuwa baba yake alikuwa seremala, alikuwa na ulimi mkali. "Nendeni mkamchungulie dada yenu, kwenu pia kuna choo!" aliwajibu.

Lakini ulimi hauzibi jicho la mtu. Mwaka uliopita darasa lao lilikuwa na wasichana thelathini na mmoja. Sasa walibaki kumi na tisa. Rafiki yake wa dawati moja, Kicheko, alikuwa akikosa siku nne au tano kila mwezi, zile siku ambazo msichana anahitaji mlango na ndoo ya maji kuliko daftari. Akabaki nyuma katika hesabu. Akachapwa kwa kubaki nyuma. Akaacha shule. Sasa alifua nguo za watu, vidole vimechubuka, na ukimwita Kicheko aligeuka bila hata kutabasamu.

Jumatatu moja jioni, Mwalimu Mkuu aliingia katika karakana ya baba yake Msumari. Alipangusa benchi kwa leso kabla ya kukaa.

"Fundi, Alhamisi tuna mgeni rasmi kutoka makao makuu. Sherehe ya haki za mtoto wa kike. Kule ninakojenga nina milango sita mipya. Kaichukue, uipachike pale vyooni. Ila usiikaze sana. Skrubu moja kila bawaba inatosha. Ijumaa asubuhi unaing'oa unairudisha."

"Milango ya siku moja, Mwalimu?"

"Nakupa kazi au nakupa mtihani? Ukimaliza hiyo, madirisha na makabati ya nyumba yangu yote ni yako."

Fundi alitazama chini. Mkewe alifia kliniki miaka minne iliyopita, chini ya bango lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba huduma kwa mama mjamzito ni bure. Bango lilikuwepo. Mkunga hakuwepo. Tangu siku hiyo fundi aliwaona wakubwa kama mbao zilizoliwa na mchwa: nje rangi, ndani unga. Lakini njaa haina msimamo, na kwa miezi miwili hakuwa amepata kazi ya maana.

"Haya," alisema.

Jumatano Msumari alimshikia milango wakati baba yake akiipachika. Ilikuwa milango mizuri, mizito, ya mbao ngumu.

"Baba, skrubu moja tu? Mtu akiuegemea utamwangukia."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa shika vizuri." Wala hakumtazama.

Alhamisi wavulana walipewa viti, wasichana wakapewa ndoo na mafagio. Baadaye walipangwa mstari juani waimbe wimbo wa usawa, tangu saa mbili hadi saa tano, maana mgeni alichelewa. Mmoja alianguka kwa jua. Walimburuta kivulini, wakamsogeza wa nyuma yake mbele ili mstari usiwe na pengo.

Mgeni rasmi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Kabla ya kupanda jukwaani alimwinamia Mwalimu Mkuu sikioni. Mwalimu Mkuu akamwita Msumari haraka. "Mpeleke mgeni wetu vyooni. Na ufunge domo lako."

Mgeni alipoukaribia mlango wa kwanza na kunyoosha mkono, Msumari aliona jinsi mambo yatakavyokuwa: ubao mzito chini, na mama wa watu chini yake. Angenyamaza, asingelaumiwa yeye. Milango si yake.

"Shikamoo, mama. Naomba usiuegemee. Utakuangukia."

"Marahaba. Si ni mpya huu?"

"Umefungwa kwa skrubu moja. Ni wa leo tu. Kesho inang'olewa yote, ni ya nyumba ya Mwalimu Mkuu."

Mgeni alivua miwani. Alihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. "Ya nyumba ya nani? Mwaka juzi nilisaini kwa mkono wangu hati ya milango sita ya shule hii. Vyoo vya wasichana. Milango sita ya mbao ngumu."

Msumari aliushika mlango kwa mgongo wake, kama alivyozoea. "Ingia tu, mama. Mimi ni mlango."

Yule mama alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. "Hata mimi nilikuwa mlango, mwanangu. Tulitumia gunia."

Msumari alirudi mstarini moyo ukimdunda kwa furaha. Mkubwa amejua. Basi yamekwisha.

Mgeni alipanda jukwaani. Alisema kwamba zamani shule hii ilikuwa na wasichana tisa, leo ni mia mbili. Alisema sheria sasa inamkataza mzazi kumwoza mtoto, inampa mjane nyumba aliyoijenga na mumewe, na kwamba wanawake wamejaa bungeni. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akakohoa.

"Na hapa nimejionea mwenyewe vyoo vya kisasa vyenye milango imara. Nampongeza Mwalimu Mkuu."

Makofi yakapigwa. Mgeni hakutazama upande wa wasichana. Mpiga picha wa gazeti akawasimamisha wakubwa wawili mbele ya milango, wakatabasamu. Kabla ya kupanda gari, yule mama alimnong'oneza Mwalimu Mkuu neno, naye Mwalimu Mkuu akageuza shingo taratibu, akamtafuta Msumari kwa macho mpaka akampata.

Msumari alimkuta baba yake karakanani, akamweleza yote: machozi ya mgeni, hotuba, hati ya mwaka juzi.

"Rudia hapo," baba alisema. "Alisaini milango sita? Ya vyoo?"

"Ya mbao ngumu. Alihesabu kwa kidole."

Fundi alichukua boksi la skrubu ndefu, bisibisi na tupa mbili. "Twende kabla jua halijazama."

Alizijaza bawaba zote, hakuacha tundu hata moja. Kisha akamwonyesha binti yake kazi ambayo mafundi huifanya kwenye maduka ya dhahabu: kusugua kichwa cha skrubu kwa tupa mpaka ule mfereji wa bisibisi unafutika, kichwa kinabaki laini kama sarafu kuukuu. Skrubu ya namna hiyo haing'oki mpaka uvunje mlango wenyewe. Baba alisugua milango mitatu, binti mitatu. Viganja vyake vikatoka malengelenge.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Mkuu alifika na mkokoteni.

"Ng'oa, fundi."

"Bisibisi haishiki, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu aliinama, akapapasa vichwa laini vya skrubu. "Umefanya nini, mshenzi wewe? Vunja!"

"Vunja wewe. Picha yako imetoka gazetini leo, na hiyo milango iko nyuma yako. Ukiulizwa imekwenda wapi, utajibu vipi? Na hati ya mwaka juzi?"

"Makabati yangu utayasikia redioni!"

"Nitanunua betri," alisema fundi, akafunga mfuko wake wa zana. Hakulipwa hata nauli.

Hasira ya mkubwa haikosi pa kutua. Paredi ilipokusanyika, Msumari aliitwa mbele. Alivuliwa beji ya ukiranja, akachapwa viboko sita kwa kosa la kumbughudhi mgeni wa serikali. "Kimoja kwa kila mlango," alisema Mwalimu Mkuu, akahesabu kwa sauti. Wavulana walicheka. Baadhi ya wasichana nao walicheka, maana anayecheka hachapwi. Walimu walitazama viatu vyao.

Saa nne kengele ililia.

"Leo nani mlango?" mmoja aliuliza kwa mazoea.

"Mlango ni mlango, wewe!" mwenzake akamjibu, wakakimbia wote.

Msumari aliingia wa mwisho. Alifunga komeo. Hakuweza kuchuchumaa kwa maumivu, akasimama tu gizani, ameegemea ubao, na ubao haukutikisika.

Nyumbani, baba alichovya kitambaa katika maji ya chumvi akamkanda miguu.

"Wamekuonea, mwanangu, na sikudanganyi kwamba wataadhibiwa," alisema. "Mama yako alitolewa shule darasa la nne ili kaka yake asome, na hakuna aliyeona ni kosa. Leo ni kosa, imeandikwa. Hiyo ni hatua, tusiikufuru. Lakini wakubwa wakishaandika hukaa, hudhani kuandika ndiko kutenda. Ndiyo maana haki yenu inaning'inia kwa skrubu moja."

"Na wewe ulijua, baba."

Mkono wa fundi ulisimama. "Nilijua. Mkubwa aliusema uongo, mimi nikautengeneza kwa mikono yangu. Wangu ulikuwa mzito zaidi. Wewe peke yako ulisema kweli, ukiwa mdogo kuliko sisi wote. Ukiona skrubu moja, sema. Asiyetaka kusikia mwache, kaza zilizobaki mwenyewe. Usisubiri mgeni."

Msumari alikunja uso kitambaa kilipogusa jeraha. "Inauma."

"Itauma mpaka Jumatatu," baba alisema. "Jumanne mlango utakuwa bado upo."