Mlio wa Mama Mkwe

Hilux nyeupe iling'oa lango la karakana ya meli saa nne na dakika kumi asubuhi, ikalibeba lango zima mbele yake na kuendelea na safari.

Pikipiki ya Honda iliyokuwa nyuma yake haikupunguza mwendo hata kidogo.

"Pasi, uko wapi?" Sauti ya Mkuu ilimkwaruza mwendesha pikipiki sikioni.

"Kazini."

"Nataka huyo dereva akiwa hai. Umenisikia? Hai!"

"Nitajitahidi, Mkuu."

"Usijitahidi. Fanya."

Pasi alikuwa jasusi kwa mwaka wa kumi na nne. Jina hilo alipewa na wenzake kwa ajili ya mashati yake yaliyonyooka kupita kiasi, lakini leo hakuna aliyethubutu kumtania. Mtu aliyebebwa na ile Hilux alfajiri, mikono imefungwa kwa waya, alikuwa dada yake. Tumbo moja, ziwa moja.

Hilux ikaingia katikati ya makontena. Njia ikaisha. Dereva akaruka nje na bastola, akafyatua mara tatu bila kulenga. Risasi ya kwanza ikapasua taa ya pikipiki. Ya pili sijui ilikwenda wapi. Ya tatu ikachana nyama ya bega la Pasi, na hapo ndipo Pasi alipoiachia pikipiki.

Aliiachia iende peke yake.

Honda nzima ikamkuta dereva magotini. Mifupa ikalia, na yeye mwenyewe akalia zaidi.

Pasi alimburuta kwa ukosi hadi kwenye banda la mafundi. Mafundi walikuwa wameshatoka mbio, chai zao zingali moto mezani. Kulikuwa na kile kibanio kikubwa cha chuma wanachobania mabomba. Pasi akauweka mkono wa dereva humo, akazungusha mpini mpaka chuma kikagusa ngozi.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Simjui dada yako!"

Mzunguko mmoja.

"Kaka, nakuapia! Mimi dereva tu!"

Mzunguko wa pili. Kitu kikapasuka ndani ya mkono, na dereva akamwaga yote.

Sasa hapa lazima nikueleze habari za Mama Mkwe, la sivyo utanipotea njiani.

Dada yake Pasi kazini walimwita Masikio. Miaka kumi na moja alikaa na hedifoni kichwani, akisikiliza maikrofoni zilizozamishwa kilometa tatu chini ya bahari. Huko chini si kimya kama watu wanavyodhani. Nyangumi wanaitana, miamba inapasuka, na kuna milio mingine ambayo hakuna msomi yeyote duniani anayeweza kukuambia imetoka wapi. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Mtu wa kazi ile ukimnyang'anya masikio, umemwachia nini?

Miezi mitatu nyuma ulianza mlio mpya. Mzito, wa sekunde tisa, mfano wa mlango wa chuma unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Wenzake wakaubatiza Mama Mkwe, maana ukiingia tu, ofisi nzima inanyamaza na kukaa vizuri. Wasomi wa nje wakaanza kupiga simu. Mnyama mpya! Mkubwa kuliko nyangumi! Masikio hakushangilia. Aliusikiliza mara mia nne, kisha jana jioni akampigia ndugu yake.

"Mdogo wangu, huyu mnyama ana betri."

"Kivipi, dada?"

"Hakuna kiumbe anayesema neno moja mara kumi na nane bila kubadilika hata chembe. Wewe mwenyewe huwezi kusema 'dada' mara mbili ikawa sawasawa. Huu ni ufunguo. Kuna kitu kimefungwa huko chini, na kuna mtu anakifungua kwa sauti."

Alikuwa amepatia. Magendo ya makombora, yale ya kubebwa begani na kuangusha ndege. Meli moja inayazamisha ndani ya makasha, kila kasha limefungwa kwenye jiwe kwa kufuli lenye masikio. Meli nyingine inakuja baadaye, inapiga ule mlio, kufuli linaachia jiwe, kasha linaelea juu. Hakuna forodha, hakuna bandari, hakuna aliyeona.

"Yamebaki makasha thelathini," dereva alisema huku jasho likimtiririka. "Wanunuzi wanakuja saa sita mchana. Lakini mtambo wetu wa mlio umeungua, hata nakala imeungua. Nakala safi anayo dada yako peke yake."

"Nani alijua anayo?"

"Profesa. Bosi wetu. Ni mmoja wa hao wasomi wa nje waliokuwa wanampigia simu na kumsifu."

Pasi akashusha pumzi. "Amewapa?"

"Hataki! Amegoma kabisa. Profesa amefyatua bastola kando ya sikio lake, hivi, bila kumgusa. La kushoto. Halisikii tena." Dereva akafumba macho. "Amempa mpaka saa sita kasorobo. Akigoma, la kulia."

Pasi alizungusha mpini mara moja zaidi, na hilo halikuwa swali.

Redio ya Motorola kiunoni mwa dereva ikakoroma. "Dereva! Dereva! Nilete jibu!"

"Anasema nini huyu?"

"Ana maana nimletee. Kiswahili chake cha kitabuni, na hicho kitabu hakukimaliza." Hata katika maumivu yale dereva alisikitika kwa kichwa. "Siku ya kwanza alimwambia mpishi, 'Nipike.' Tukacheka. Wiki iliyofuata akasema, 'Mpige nahodha,' na nahodha akang'olewa meno mawili. Kumbe alitaka apigiwe simu! Tangu hapo tumepewa amri: Profesa akisema mpige, toa simu."

"Meli ipi?"

"Nyeupe. Imeandikwa utafiti ubavuni. Kilometa tisa kutoka hapa."

Pasi akachukua Motorola, akamwacha dereva na mkono wake palepale kwenye kibanio.

"Mkuu, dereva yuko hai."

"Hali yake?"

"Hatoroki."

Saa tano na dakika ishirini, boti ya mpira yenye injini ya Yamaha ya nguvu za farasi arobaini ilizimwa kilometa moja nyuma ya meli nyeupe. Pasi akavaa mtungi wa hewa, akashuka majini. Bega lilimwunguza kwa chumvi, akalitukana kimoyomoyo na kuendelea kupiga miguu. Saa ya Garmin mkononi ilisema saa tano na dakika thelathini na nane alipoushika mnyororo wa ngazi ya nyuma.

Mlinzi wa kwanza alikuwa anakojoa baharini. Mkono ukatoka chini, ukamshika mkanda na kumvuta. Alipiga kelele ndani ya maji, na majini hakuna wa kumwitikia.

Mlinzi wa pili alisimama juu ya ngazi za ndani akimenya chungwa. Pasi alimpiga usoni kwa mtungi wa hewa, mara moja, kwa nguvu zote. Chungwa likashuka ngazi moja moja. Pasi akalifuata.

Saa tano na dakika arobaini na tatu.

Nyuma ya mlango wa chuma alisikia sauti mbili.

"Dakika mbili, mama. Nionyeshe wapi nakala."

"Kaitafute mwenyewe, mbwa wewe. Una masikio mawili, mimi umeniachia moja."

Ndiye. Huyo ndiye dada yake. Pasi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaona afungue mlango kwanza.

Chumba kilikuwa kidogo, chuma kitupu juu na chini, mitambo pande zote. Masikio alifungwa kwenye kiti, damu imemshuka kutoka sikio la kushoto hadi kwenye kola. Profesa, mtu mrefu mwenye miwani, alimwekea bastola kuukuu ya Smith & Wesson kando ya sikio la kulia, nyundo ya nyuma imeshavutwa. Mbele yao jitu lenye bunduki fupi ya Uzi lilitazama mlangoni.

Uzi ilimwelekea Pasi kifuani. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Mpige!" Profesa alipaza sauti. "Mpige! Mpige!"

Jitu likaishusha Uzi, likatia mkono mfukoni, likatoa simu.

"Nimpigie nani, bosi?"

Kisu cha Pasi kilimwingia kooni kabla hajajibiwa. Akaanguka na simu mkononi, uso wake ungali unasubiri namba. Maskini wa Mungu, maisha yake yote hakuwahi kutii amri vizuri hivyo.

Sasa walibaki watatu.

Pasi alikuwa ameshachomoa bastola yake ya Glock, na Profesa alikuwa hatua tatu tu mbele yake. Asingemkosa hata akiwa amefumba macho. Lakini risasi ndani ya chumba kile ingekuwa kama kumvalisha mtu sufuria kichwani na kuigonga kwa nyundo. Angemwua Profesa, na angemwua Masikio vilevile, akabaki anapumua tu.

"Weka chini," Profesa alisema. "Weka, au mimi nafyatua."

Pasi akairusha Glock juu, ikaenda kugonga dari.

Macho ya Profesa yakaifuata. Binadamu ndivyo tulivyo, kitu kikiruka tunakitazama. Pasi akavuka hatua tatu kwa moja, akaukamata mkono wenye bastola, na akachomeka nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada chini ya nyundo.

Profesa akavuta kifyatulio.

Nyundo ikaangukia nyama badala ya risasi. Ncha yake ikaingia mpaka mfupani, ikakaa humo. Hakukuwa na mlio wowote, ila meno ya Pasi yaliyosagana.

Kwa mkono uliobaki alimshika Profesa kisogoni, akampigiza paji la uso kwenye ukingo wa mtambo. Miwani ikavunjika. Akampigiza tena. Mara ya tatu haikuwa ya lazima, lakini alikuwa na hasira, na mimi siwezi kumlaumu. Alipomwachia, Profesa alishuka taratibu hadi sakafuni na hakuinuka tena.

Pasi akaing'oa bastola kwenye mkono wake. Akapiga magoti kando ya kiti, akaanza kukata waya.

"Shikamoo, dada."

Masikio hakuitikia. Alitazama mbele tu.

Pasi alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto, wa sikio lililokufa.

Pasi alisikia kitu kikimkata moyoni, kibaya kuliko ile nyundo mkononi. Machozi yakamtoka waziwazi. Akazunguka upande wa kulia, akapiga magoti upya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Akageuka, akamshika shavu. "Usinipigie kelele. Nakusikia."

Ndipo wote wawili walipopumua.

"Nakala uliificha wapi?"

"Kwenye simu yangu. Ipo kwenye mfuko wa shati la huyo Profesa, tangu alfajiri." Akamwelekezea kidevu. "Nimeufanya mlio wa simu. Mama mkwe wangu akinipigia, unalia huo. Nimemwomba Mungu asubuhi nzima asinikumbuke leo."

Motorola ikakoroma. Wanunuzi. Boti tatu, maili mbili. Walitaka kujua kama mzigo uko tayari.

"Mzigo tayari," Pasi alijibu kwa sauti ya Profesa. "Njoo chukue."

Wakaja. Nyuma yao zikaja meli mbili za wanamaji zilizotumwa na Mkuu, na kwa dakika sita bahari ile ilichemka. Boti ya kwanza ilipasuka katikati. Ya pili iliwaka, watu wakiruka huku nguo zinawaka. Ya tatu ikainua fulana nyeupe kwenye upondo, na walikuwa na bahati kwamba kuna aliyekuwa amevaa nyeupe. Pasi alimzibia dada yake sikio la kulia kwa viganja vyote viwili mpaka bunduki ya mwisho iliponyamaza. Damu ya mkono wake ilimchuruzikia Masikio shingoni, wala Pasi hakuondoa viganja.

Mkuu aliamuru makasha yapandishwe papo hapo. Fundi wa wanamaji akaunga simu kwenye spika ya majini, na kwa mara ya kwanza Masikio akaupiga Mama Mkwe mwenyewe. Sekunde tisa. Kisha kusubiri. Baada ya dakika ishirini makasha yakaanza kuchomoza, meusi, yanatiririka maji, moja hapa, jingine kule. Wanamaji walihesabu hadi thelathini na kupigiana makofi mabegani.

Daktari alitaka kumlaza Masikio. Alikataa katakata. Alishusha maikrofoni hadi chini kabisa, akavaa hedifoni kwa upande mmoja, akakaa juu ya sakafu.

"Pasi," Mkuu aliita redioni. "Taarifa."

"Mzigo wote umepatikana. Profesa amekufa. Wanunuzi tisa hai."

"Na dada yako?"

Pasi alimtazama. Masikio alikuwa ameinua mkono kuomba kimya. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kuna nini, dada? Kuna kufuli jingine?"

"Si wao. Subiri." Akabana hedifoni kwa nguvu. "Kimejibu. Tulipoupiga ule mlio, kuna kitu kimejibu. Kinarudia sasa, na kila mara kinabadilika kidogo. Kiko mbali sana. Miezi mitatu wale washenzi walikuwa wanakipigia kelele kikanyamaza."

"Kitu gani?"

Akacheka, na damu imemkaukia shavuni.

"Sijui," alisema. "Mdogo wangu, sijui kabisa!" Alilisema neno hilo kama mtu anayetoa habari za mtoto aliyezaliwa salama.

Mkuu aliita tena. Pasi akaizima redio. Mtu aliyekuwa ameua watu wanne kabla ya chakula cha mchana akainama, akafungua kamba za buti, akazivua moja baada ya nyingine, kwa kuwa sakafu ya chuma hupeleka vishindo hadi majini. Akazishika mkononi na kuondoka peku, polepole, akikanyaga kwa vidole.