Mlango wa Mzee Salehe

Mwaka wa 1951 Salvina na akina mama wenzake wa karibu na mji mdogo wa Mkuu, mlimani, walikuwa wakijenga nyumba ya kujifungulia. Kuta zilisimama. Bati liliezekwa. Mlango wa mvule walipewa bure na Mzee Salehe, seremala wa Moshi mjini. Madirisha tu ndiyo yaliyokosekana. Baridi ya Juni ilikaribia, na Priska, binti yake Salvina, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Ng'ambo ya korongo, Mektrida na wenzake walikuwa wamejenga darasa la wasichana. Wao hawakukosa kitu. Wiki hiyo lori liliwashushia madawati kumi, na aliyeyatoa ni Mzee Salehe yule yule.

Salvina alizipata habari hizo sokoni, akarudi hata chumvi hakununua. Wivu ulimkaba. Alimwambia mumewe, Sirili, kwamba Mektrida ana dawa ya kuwavuta watu. Sirili akamshauri aende kwa fundi akamuulize mwenyewe.

Kesho yake alipanda lori la kahawa hadi Moshi.

"Shikamoo, Mzee Salehe. Mektrida amekupa nini ambacho sisi hatukukupa?"

Mzee aliweka randa chini. "Marahaba, Mama Priska. Ule mlango niliowapa, mliutia?"

"Tuliutia, mwaka jana."

"Mimi nimejua leo."

Mzee akaeleza kwamba Mektrida alipopewa kabati la darasa, kabla ya madawati, alirudi bila ombi lolote, kumweleza wasichana wanavyolitumia. Mchwa walipolila kidogo, alikuja kusema mwenyewe, hakuficha. Akamwalika afike aone.

"Wewe nilikuona ulipotaka mlango," mzee alisema. "Anayetoa naye anataka kujua kitu chake kimefanya kazi gani. Akijua, hutoa tena, na huwaambia wenzake."

Maneno hayo yalimchoma, hasa kwa kuwa Mektrida alisifiwa ndani yake. Lakini yalikuwa kweli.

Wiki iliyofuata Salvina alishuka tena mjini na jani la isale mkononi, lile Wachagga wanalobeba wanapoomba radhi. Madirisha hakuyataja. Alimwomba mzee aje auone mlango wake. Kisha alipita kwa kila aliyetoa mchanga, bati au mkungu wa ndizi za kuwalisha mafundi, akamshukuru na kumwalika.

Jumapili Mzee Salehe alipanda mlimani. Aliufungua mlango, akaufunga, akaupapasa. Ndani alimkuta Dominika, aliyejifungua juzi, amejifunika mablanketi mawili. Magunia yalitundikwa kuzuia upepo. Mzee akatoa futi yake mfukoni, akapima matundu ya madirisha bila kuombwa.

Priska alijifungua salama katika chumba chenye joto, madirisha yakiwa yamekwisha kutiwa. Mektrida alikuja kumpa hongera, akayagusa madirisha.

"Haya mmepewa na nani?" aliuliza, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

Salvina aliujua uso ule, maana alikuwa nao yeye mwenyewe miezi miwili nyuma. Alifurahi kidogo, kisha akaona haya, akamwekea kiti.

"Na Mzee Salehe," alisema. "Ukienda mjini mwambie umeyaona. Atafurahi."